Kivuli Kiko Njiani

Ukuta wenyewe hauna maana yoyote. Mzee mwenye mashine ya kusaga pale kwetu Nkende, Tarime, aliwahi kuamua kuizungushia mashine yake uzio wa matofali ya kuchoma, akajenga upande mmoja, halafu hamu ikamwisha. Ukabaki ukuta mmoja peke yake, hatua kama kumi na tano, umeanzia kunakochomoza jua na kuishia linakozama, haulindi kitu wala hauzuii mtu. Mbuzi wanauzunguka. Ukiunyooshea mkono, vidole havifiki juu. Upande mmoja unatazama Sirari, kwenye mpaka wa Kenya, ambako ndiko uliko mlango wa mashine. Upande mwingine unatazama Musoma, inakopita barabara ya vumbi inayopanda kutoka Bomani. Kaskazini na kusini sisi tunazisema kwenye mtihani tu. Siku nyingine zote ni upande wa Sirari na upande wa Musoma, na sijasikia mtu amepotea.

Mama yangu anauza mboga za majani: mnavu, mgagani, sukuma, na majani ya kunde yakipatikana. Mwaka jana, nilipokuwa kidato cha kwanza, alikuwa akiuzia kwenye huo ukuta pamoja na mama mwingine aliyemzidi umri kidogo, ambaye mimi namwita mama mkubwa, ingawa undugu wetu ukiufuatilia utachoka kabla hujaufikia. Mama mkubwa naye anauza mboga za majani. Mboga zilezile. Hapo unaona tatizo linatokea wapi.

Siku moja mwanzoni mwa Juni alikuja dada mmoja mpole kusaga mahindi, akasema anatafuta mgagani. Mama akamshika mkono wa kulia, mama mkubwa akamshika wa kushoto, wote wawili wakimwita mwanangu. Yule dada alijinasua akaenda kununua kabichi kwingine. Nyuma yake wale wawili walibaki wakiambiana maneno ya Kikurya ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwa sababu bibi yangu anajua kusoma.

Mzee wa mashine masikio yake yameharibiwa na ile mashine. Hasikii salamu, hasikii bei, lakini ugomvi anausikia. Alizima mashine, akatoka mweupe wa unga mpaka kwenye nyusi, akaficha punje ya hindi kwenye ngumi moja na punje ya haragwe kwenye nyingine. Atakayepata hindi akae upande wa Musoma, atakayepata haragwe akae upande wa Sirari, ukuta uwe katikati yao, Juni mpaka Juni, na katika muda wote huo asimwone mtu anamletea kelele. Mama alichagua ngumi ya kulia. Haragwe.

Siku ya kwanza hatukujua tumepewa nini. Siku ya tatu tulijua. Upande wa Sirari ulikuwa na jua toka asubuhi mpaka jioni, hakuna hata kivuli cha kuficha kisigino. Mnavu ukipigwa na jua la saa nne unainamisha kichwa kama mwanafunzi aliyeulizwa swali. Kufikia saa tano mgagani nao umelala. Mama alinyunyizia maji, akafunika na gunia bichi, akahamisha beseni huku na huku kama mtu anayemtafutia mtoto mahali pa kulala. Na upande wa pili wa ukuta, hatua mbili tu kutoka hapo kama ungekuwa panzi, mboga za mama mkubwa zilikaa kivulini siku nzima, zimesimama wima kama mgambo. Wateja wa mama wa miaka yote walitoka mashineni na debe la unga kichwani, wakamsalimia vizuri, wakampa pole ya jua, halafu wakauzunguka ukuta.

Watu wakaanza kutoa maelezo. Wengine walisema mama mkubwa ana nyota. Wengine walisema upande wa Sirari una mkosi tangu zamani, ingawa ukuta wenyewe nauzidi umri. Mama alisema neno moja tu, na hilo ndilo lililonikosesha raha. Ana dada yake mwenye meza Sirari, karibu na mpakani. Alisema hali ikiendelea hivi, atahamia huko: ataondoka Jumatatu na kurudi Jumamosi.

Nikapiga hesabu haraka. Baba ni dereva wa lori, nyumbani anapita kama mgeni, anauliza hata vijiko viko wapi. Wadogo zangu wawili wanakula kama wanashindana. Mpishi angekuwa mimi, mfuaji mimi, mama mwenyewe mimi. Nasema hivi ili msije mkadhani nilichofanya baadaye nilikifanya kwa kupenda elimu. Na pia, basi niseme tu, nyumba yetu bila mama kati ya Jumatatu na Jumamosi sikuweza kuiwaza hata nikijilazimisha.

Wiki hiyohiyo shuleni tulikuwa tunasoma dunia. Mwalimu wetu wa jiografia anafundisha kwa Kiingereza, sisi tunaelewa kwa Kiswahili, na wale wa dawati la nyuma wanaelewa kesho yake kwa Kikurya. Alichora duara ubaoni, akalipitisha mstari katikati kama mshikaki, na huo mshikaki ukawa umeinama. Akasema huo ndio mhimili wa dunia, kwamba umeinama digrii ishirini na tatu na nusu, na kwa ajili ya huko kuinama ndiyo maana kuna majira. Kitabuni kulikuwa na picha nne: watoto wanarushiana theluji, watoto wananusa maua, watoto wanaogelea, watoto wamesimama chini ya mti unaopukutika. Nikanyoosha mkono. Nikauliza kwa adabu zote kwamba theluji ya Tarime huanguka mwezi gani, ili nimwambie mama aanike nguo mapema.

Darasa lilicheka vizuri sana. Mwalimu naye alitabasamu, na ukimwona mwalimu anatabasamu hivyo anza kukusanya daftari zako. Akaniambia niende nikasimame kwenye mlingoti wa bendera, na nikiiona theluji nirudi niwaambie wenzangu.

Ilikuwa saa saba kasorobo mchana, na jua lilikuwa linanikaanga. Nikajaribu kujificha kwenye kivuli cha mlingoti. Mimi ni mwembamba, lakini mlingoti umenishinda. Nikawa nahama nacho, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, na katika kuhamahama huko ndipo nikaona jambo. Tangu utoto tunaambiwa mchana huo jua liko utosini. Halikuwa utosini. Kivuli cha mlingoti kilikuwa kimelala chini, kirefu kuliko mimi, kinaelekea Musoma bila kupinda. Maana yake jua lenyewe lilikuwa limeegemea Sirari. Lilikuwa limevuka mpaka, limeingia Kenya bila kugongewa muhuri, na kwa mujibu wa ule mchoro lilikuwa limepitiliza huko mpaka kusini mwa Misri.

Nikaukumbuka ukuta. Jua likiwa limekwenda Kenya, kivuli kinaangukia upande wa Musoma, kwa mama mkubwa. Lakini ule mchoro ubaoni ulikuwa na dunia mbili, ya Juni na ya Desemba. Juni nusu ya juu ya dunia ndiyo iliyoinamia jua. Desemba ni ya chini. Desemba jua lingerudi, lingetupita hapa Tarime, lingeshuka mpaka chini ya Dodoma na huko mbali zaidi, na kivuli cha ukuta kingeangukia upande wa Sirari. Kwa mama.

Nilirudi darasani kabla sijaitwa. Mwalimu akauliza kama nimeiona theluji. Nikamwambia bado, lakini nimeona kitu kizuri zaidi. Akanirudisha nje.

Jioni hiyo nilichukua nyanya, nikaichoma njiti ya ufagio katikati, nikaiweka alama ya mkaa chini kidogo tu ya kiuno, nikamwambia mama kwamba hapo ndipo Nkende. Jiko ndilo jua. Kisha nikaanza kulizunguka jiko nimeishika nyanya, kichwa cha njiti nimekiinamishia kabati la vyombo. Siri yote iko hapo: unazunguka, lakini njiti haibadilishi upande inakoinamia. Ukiwa ng'ambo ya jiko, jiko likiwa kati yako na kabati, kichwa cha nyanya kinauinamia moto. Ukija kusimama karibu na kabati, kichwa kilekile kinaukimbia moto na tumbo la chini ndilo linalochomwa. Moto ni uleule na nyanya ni ileile.

Mama aliacha kuchambua mboga akanitazama.

"Kwa hiyo jua haliendi popote?"

"Haliendi, mama. Ni sisi tunaolizunguka, tumeinama."

"Tumemwinamia nani?"

"Kabati."

Akasema nyanya hiyo nitaila mwenyewe. Lakini nilimwona baadaye, akidhani siko, ameshika kiazi anakizungusha.

Aliyenisaidia kumwelewesha mama ni kaka yangu, ambaye anafanya kazi jikoni kwenye kambi ya watalii huko wilaya ya Serengeti. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi na hadithi zake. Mgeni mmoja alimuuliza majira ya joto ya huku huanza lini, naye akamjibu, baada ya chakula cha mchana. Mgeni mwingine alimwambia kwamba kwao, mbali huko juu ya dunia, mwezi wa Juni jua huzama saa nne usiku, na Desemba saa kumi jioni tayari ni giza. Mama alitaka kujua hao watu wanapika saa ngapi na kuku wao wanalala vipi. Nikamweleza kwamba wale wako karibu na kichwa cha nyanya, kichwa kikiinamia moto wanakaa kwenye mwanga mpaka wanachoka, kikiukwepa wanakaa gizani mpaka wanachoka. Sisi tuko kiunoni. Kiuno hata kikiinama vipi hakinyimwi wala hakizidishiwi, ndiyo maana mchana wetu wa Juni na wa Desemba unapishana dakika chache tu na kuku wetu hawana habari. Sisi mwinamo hautupi theluji wala siku ndefu. Unatupa kivuli, na kivuli chenyewe unakihamisha.

"Basi kitahama lini?" mama akauliza.

Nilikuwa nimesoma kwamba tarehe ishirini na tatu Septemba jua linavuka Ikweta kurudi kusini. Sisi tuko chini ya Ikweta kidogo tu, nyanya hata haioni tofauti. Nikataja tarehe hiyo bila kupepesa. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu, na nitalifikia.

Mwezi wa Agosti mama mkubwa alifanya jambo la kiungwana. Mwanawe ndiye jirani yangu wa dawati, kijana mkimya ambaye akisema maneno matano kwa siku jioni anaumwa koo. Jumamosi alikuwa anamsindikiza mama yake, anachuchumaa upande wa Musoma, anachora mistari ya mkaa chini kando ya ukuta. Mimi nilidhani anachora mbuzi, nikamwambia mbuzi zake hazina miguu. Akaendelea kuchora. Basi Jumamosi moja alikuja upande wetu akasema mama yake anasema jua limezidi, mama ahamie kule kwao wakae wote, mzee hasikii na siku hizi hata haoni vizuri.

Mama alianza kunyanyua beseni. Nikamshika nguo. Nikamnong'oneza kwamba akipokea kivuli sasa, Desemba atadaiwa kukirudisha, na Desemba ni yetu sisi peke yetu, iko kitabuni. Avumilie wiki tano tu. Mama ni Mkurya wa kutosha, kumwambia avumilie ni kama kumpa zawadi. Alikaa chini, akashusha beseni, akasema kwa sauti ya kushindana na mashine:

"Kamwambie mama yako nashukuru. Kivuli changu kiko njiani."

Kwa bahati mbaya sekunde hiyohiyo mzee alikuwa amezima mashine. Nkende nzima ikasikia.

Tangu hapo hatukuwa na amani. Vijana wa bodaboda wakipita walipunguza mwendo ili waulize kivuli kimefika wapi. Mmoja alisema amekiona Isebania, ng'ambo ya mpaka, kimenyimwa kibali. Mwingine akasema aliombwa akibebe lakini hakina kofia ngumu. Kanisani mama mmoja alimpa pole kwa sauti ya kumpa pole mfiwa. Mama alikuwa akijibu wote kwa upole, lakini nilimwona anahesabu siku kwenye kalenda kwa ncha ya kisu, na mboga zilizobaki alizileta nyumbani tukala mgagani uliolala mpaka wadogo zangu wakaanza kuusalimia.

Tarehe ishirini na tatu Septemba niliomba ruhusa shuleni kwamba naumwa tumbo. Nilipofika mashineni nilikuta watu wamekusanyika kama kuna mnada: bodaboda, wenye mahindi ya kusaga, watoto, mbuzi. Saa sita na nusu ilipofika tukautazama ukuta. Hakukuwa na kitu. Ukuta umesimama uchi, jua limeukalia juu kabisa kama mtu aliyekalia uzio, na mguuni pake upande wetu hakuna kivuli hata cha kumficha siafu. Kijana mmoja wa bodaboda alivua kofia yake akaishika kifuani. Akasema marehemu kivuli alikuwa mtu wa watu.

Walicheka mpaka wakaegemeana. Ningekuwa si mimi niliyechekwa, na mimi ningecheka, maana ilikuwa nzuri. Mtu pekee ambaye hakucheka ni jirani yangu wa dawati. Alikuwa amechuchumaa upande wake wa Musoma anatazama chini, na hakuna aliyemfuata kuona anatazama nini. Mimi nilimfuata, nikitafuta mahali pa kujificha. Na kule hakukuwa na kivuli. Mboga za mama mkubwa zilikuwa juani kama zetu. Mistari yake ya mkaa ilikuwa imepangana kuelekea ukutani, wa kwanza mbali, wa mwisho umegusa tofali, kila mmoja na tarehe yake ndogo.

Ndipo nikaelewa ujinga wangu. Nilikuwa nimeahidi kivuli kama mtu anavyoahidi basi: hakipo, halafu kipo. Kumbe siku jua linavuka ndiyo siku liko utosini kweli, na siku hiyo ukuta haumpi mtu yeyote kitu. Kivuli cha mama mkubwa kilikuwa kimekufa leo. Chetu kilikuwa bado hakijazaliwa.

Nikamweleza mama nyumbani. Hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa anafunga nguo zake mbili tatu kwenye mfuko. Nikamwomba wiki tatu. Nikamwambia kivuli ni mtoto, leo kimetungwa. Akaendelea kufunga. Kona ya jikoni kuku wake mwekundu alikuwa ameanza kuatamia siku ileile.

"Kuku akiangua kabla kivuli hakijafika," alisema, "mimi naenda Sirari. Na wewe ugali utaupika kwa njiti na nyanya."

Sijawahi kumpenda na kumchukia kuku kwa wakati mmoja namna ile. Kila mchana nikitoka shule nilikimbilia ukutani na rula. Wiki ya kwanza kulikuwa na kivuli kinachotosha kidole gumba. Wiki ya pili kilitosha kiganja ukikilaza kwa upana. Nilikuwa nachora mistari ya mkaa na mimi, sina hata aibu, na jirani yangu wa dawati alipita akanitazama akasema mbuzi zangu nazo hazina miguu. Hayo ndiyo maneno yake yote ya mwezi huo.

Siku ya ishirini na moja vifaranga walianza kulia ndani ya mayai asubuhi. Mama alivaa viatu vyake vya safari. Kabla hajaenda stendi nikamwomba apitie ukutani mara moja tu. Tulingoja mpaka mchana. Kivuli upande wa Sirari kilikuwa shibiri moja na nusu hivi, chembamba kama mkeka wa mtoto, lakini kilikuwa kimekwenda urefu wote wa ukuta. Mama alikitazama. Aliinama akaweka kiganja chini, akakitoa, akakirudisha. Halafu akavua viatu. Akaomba ubao mashineni, akauegesha kwenye matofali, akayapanga mafungu ya mnavu mojamoja kwa mstari, yote kivulini, yeye mwenyewe akabaki juani na kofia ya baba. Saa nane mboga zilikuwa bado zimeinua vichwa.

Kufikia Desemba alikuwa anakaa kivulini ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, kivuli kinamfika magotini hata mchana wa saa saba. Mvua zikianza alasiri zilimkuta ameshauza. Wateja waliokuwa wanazunguka ukuta kwenda, sasa walizunguka kurudi, na vijana wa bodaboda wakaacha kuuliza maswali. Upande wa Musoma mama mkubwa alikuwa ananyunyizia maji. Nilipita upande huo makusudi, nikamwamkia vizuri, nikamuuliza kama ameona kivuli kimepita hapa. Alinijibu marahaba, akasema hajakiona ila kikija atakipa kiti. Hakuonekana kuumia hata kidogo, na hilo lilinikera. Mama yangu alinisikia kupitia ukuta. Niliporudi alinifinya sikio, kisha akamtumia mama mkubwa gunia bichi la kufunikia mboga. Lakini kumwita aje akae, hakumwita. Alisema yeye alikaa juani tangu Juni.

Februari mama alianza kutazama chini. Kivuli kilikuwa kinapungua. Aliniuliza kwa sauti ya chini kitaondoka lini, nikamwambia katikati ya Machi tutakuwa uchi tena, halafu kinavuka kwenda Musoma. Siku mbili mama alikipima kwa kiganja. Siku ya tatu alinieleza mpango, na nikajua ujanja wangu nimeurithi wapi. Kwaresima ilikuwa imeanza. Angemwendea mama mkubwa kwa unyenyekevu, amwambie moyo unamsuta, yeye amekaa kivulini miezi yote hii na mwenzake anaungua, basi wabadilishane upande. Mwenzake aje upande wa Sirari, yeye ajitese upande wa Musoma, kwa ajili ya toba. Nilimwambia ni dhambi nzuri sana.

Alivaa kitenge cha kanisani. Tuliuzunguka ukuta, mimi nyuma nimebeba beseni kama shahidi. Mama aliongea vizuri mno, mpaka neno msamaha akalitia. Mama mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. Mwanawe alikuwa pembeni anachonga penseli.

"Mdogo wangu," mama mkubwa akasema, "huyu kijana aliniambia toka Krismasi kwamba utakuja. Ila yeye alisema utakuja na sababu ya mgongo. Kwaresima hakuiwaza."

Jirani yangu wa dawati hakuinua kichwa. Tulikuwa tunasoma kitabu kimoja, kwenye dawati moja, ubao mmoja, na haikuwahi kunijia kwamba na yeye amesikiliza. Mama yake alikuwa amekaa juani Desemba na Januari na Februari yote anajua kabisa kwamba kivuli chake kiko njiani. Tofauti yake na sisi, hakumwambia mtu.

Mabega ya mama yakaanza kutetemeka, nikadhani analia, kumbe. Mama mkubwa naye akaanza. Walicheka wameshikana vitenge, mpaka mzee akazima mashine akatoka na unga wake kwenye nyusi, akidhani ni ugomvi ule wa kwanza umerudi. Walipomwona wakacheka zaidi. Mzee akasema Juni bado haijafika, akarudi ndani.

Siku hiyo waligawana mboga badala ya upande. Mnavu na mgagani za mama, sukuma na majani ya kunde za mama mkubwa, wakae pamoja kule kivuli kiliko, na kikihama wahame nacho kama nyumbu wanavyofuata majani huko Serengeti. Msidhani ni malaika. Wiki ya pili tu mama alikutwa na fungu la sukuma chini ya gunia, na maneno ya Kikurya yakasikika tena. Lakini walibaki upande mmoja.

Mwaka huu Juni ilipoingia, mzee alikuja kama alivyoahidi, ngumi mbili mbele, hindi na haragwe. Mwaka umeisha, wachague tena. Akawakuta wote wawili wameketi upande wa Musoma, kivulini, wanachambua mboga. Wakamwambia hawachagui, wameshapatana. Akauliza kwa hiyo upande wa Sirari hauna mwenyewe. Wakamwambia hauna. Akasema basi vizuri, amechoka kukaa ndani na vumbi la unga, ataweka kiti chake pale. Na akakileta, kile kiti chake cha mbao chenye mto, akakiweka upande wa Sirari katikati ya ukuta, akakaa.

Mama alimtazama mama mkubwa. Mama mkubwa alitazama mnavu. Jirani yangu wa dawati alifungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

Saa saba kasorobo nilizunguka ukuta kumwona. Alikuwa amejitandika leso kichwani, jasho limechora mifereji kwenye unga wa mashavuni. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti ya kutosha, akaitikia marahaba, akaniuliza kama mimi naelewa kwa nini hapa kuna jua hivi na wale kule wamepoa.

Nikainama karibu na sikio lake, nikamwambia asijali, avumilie tu, kivuli chake kiko njiani.